Neno la Ubeti wa Pili

Kazi yangu ni kusoma mita za maji,
kwa hiyo huhesabu hata nisipotumwa.
Usiku ule tulikuwa kumi na tisa,
ishirini ukimtia mlinzi
aliyesimama mlangoni akijifanya hasikilizi.

Orofa ya pili, juu ya duka la vipuri, Kibuye.
Viti vya kuazima, mgongoni rangi nyekundu: MALI YA KANISA.
Kiingilio mia tatu na soda ya moto,
maana friji lilizimwa
lisije likavuma kwenye maikrofoni.

Odemba alikuwa amenionya:
"Huyo wako haimbi, analalamika kwa gitaa.
Twende uwanjani, kuna spika za kutetemesha figo,
kuna watu elfu kumi, kuna nyama."
Utamwelezaje mtu wa ngoma kubwa
kwamba kuna wimbo usiokuruhusu kucheza,
unakukalisha kama daktari,
unabonyeza, unauliza: hapa panauma?
Nami nimecheza, jamani. Matangani, harusini,
nimemaliza soli za viatu kwa ohangla hadi alfajiri.
Nyimbo zile ni tamu. Hazijawahi kuniuliza kitu.

Nafuna alikuja kwa basi la mchana kutoka Chwele.
Jukwaa ni kreti sita na ubao juu yake,
gitaa lina kovu la gundi shingoni.
Dakika nne nzima akakaza nyuzi
huku wadudu wa ziwani wakizunguka balbu
na hakuna aliyekohoa.
Nazipenda dakika hizo kuliko nyimbo nyingine:
mtu hajawa mwimbaji bado, ni fundi tu,
ameinamisha sikio, anamwita aliyepotea.

Wimbo wa tatu, ubeti wa pili, akanyamaza.
Vidole vikaendelea, mdomo ukabaki wazi.
"Nimesahau," akasema. "Nimeutunga mwenyewe, na nimeusahau."
Tukacheka, yeye kwanza.
Nami, mtu wa kubisha milango ya watu
na kusema neno moja tu, "Maji,"
nikasikia sauti yangu imeshatoka:
*Baba aliondoka, akaniachia taa.*

Vidole vikasimama.
"Taa?" akauliza. "Niliandika njaa."

Miaka mitatu!
Miaka mitatu nimepita vichochoro vya Nyalenda
na wimbo ule sikioni, nikiinamia mita zenye kutu,
na kila ulipofika pale niliiona chemli
juu ya meza, utambi umepunguzwa:
mtu ameondoka, lakini amelifikiria giza.
Nilimsamehe baba yangu mara mbili kwa ajili ya taa ile.
Mara ya kwanza haikushika.

Akanitazama,
au aliutazama ukuta nyuma yangu, balbu ilimpiga machoni.
Akarudi mwanzo wa ubeti,
akaimba *taa*,
polepole, kama anayejaribu kiatu cha mwenzake.
Mlinzi akaingia, akaketi.
Ishirini.

Nyumbani nikairudia rekodi, simu imenibana sikio.
Njaa. Hata mtoto angesikia.
Sijui ile taa niliitoa wapi.

Mwezi uliopita aliimba Nakuru, baridi ile ya Julai,
watu wamevaa makoti ndani ya ukumbi.
Jamaa mmoja alirekodi, akanitumia.
Nikangoja ubeti wa pili:
*Baba aliondoka, akaniachia*
na hapo akazifunika nyuzi kwa kiganja,
akaliruka neno, akaendelea na safari yake.

Karibu na simu, gizani,
mtu akalijaza pengo kwa sauti ya chini.
Si taa. Si njaa.
Nimesikiliza mara kumi na moja.
Nadhani alisema *ng'ombe*,
na alisema kama mtu anayemjua kwa jina.